Jirani wa Chini ya Mfereji

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwa. 26:12-22, Kum. 20:19, Eze. 34:17-19, Lk. 10:25-37, 13:1-5, Mdo. 11:27-30, 2 Pet. 3:10-14, Ufu. 14:6, 7.

Katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same, maji hayafiki shambani kwa bahati. Yanaletwa kwa mfereji, na mifereji mingi huanzia kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Halikubuniwa na mradi wowote wa serikali. Wazee wa Kipare walilijenga vizazi vingi kabla gari la kwanza halijapanda mlima. Kijito hulijaza usiku kucha, watu wakiwa wamelala. Asubuhi tundu huzibuliwa, maji hushuka kwa nguvu ya kutosha kufika mbali, na mashamba hunyweshwa kwa zamu. Pasipo ndiva, kijito chembamba kingenywewa na udongo wa mfereji kabla ya kulifikia shamba la tatu.

Mahali kama hapo amri ya nane ina sura ya pekee. Mwizi wa maji hachukui kitu cha mtu akakiweka mfukoni. Anageuza udongo kidogo kwa jembe, saa ambayo si zamu yake, kisha anarudi nyumbani. Chini kule mahindi ya mwenzake yanajikunja majani. Hakuna mlango uliovunjwa wala aliyepigwa, na bado kila mtu wa kijiji anajua kwamba kosa limetendeka.

Injili ya Waadventista Wasabato iliingia Tanzania kwa milima hii. Mwaka 1903 wamisionari Wajerumani Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika Upare, wakafungua kituo Giti, huko Mamba, na kukiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Kwa hiyo linalowapata watu wa mifereji hiyo leo si habari ya watu wa mbali kwa kanisa hili. Wengi waliomo kwenye madarasa ya Shule ya Sabato, hata Dar es Salaam na Nairobi, wana bibi au babu aliyelelewa kwa maji ya ndiva.

Upepo wa mvua hutoka Bahari ya Hindi na kugonga kwanza miteremko ya mashariki. Upande wa magharibi hubaki nyuma ya mlima, na mvua huwa imekwisha kushuka kabla ya kufika huko. Ndiyo sababu mtu aweza kusimama kwenye ukungu karibu na msitu wa Shengena, akatazama tambarare na kuona vumbi. Tambarare za Same hupata kama milimita 500 za mvua kwa mwaka, nazo zimegawanyika kati ya vuli na masika. Zao la mahindi peke yake huhitaji karibu kiasi hicho kwa msimu mmoja. Hata mwaka mzuri, basi, hauna ziada. Mvua ikichelewa majuma matatu, au ikinyesha yote kwa siku nne na kukatika, hesabu ya mwaka imeharibika, ingawa kipimo cha mvua mwishoni mwa mwaka kinaweza kuonyesha namba ileile ya zamani.

Hicho ndicho kinachozidi kuonekana. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, nchi za Pembe ya Afrika zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na ukame ule uligusa pia kaskazini mwa Tanzania; huko Simanjiro, upande wa pili wa mto Pangani kutoka Same, mifugo ilikufa kwa maelfu. Kisha, mwishoni mwa 2023, yakaja mafuriko. Wanasayansi waliochunguza ukame ule walieleza jambo ambalo mkulima analielewa haraka. Upungufu wa mvua ulikuwa sehemu tu ya shida. Sehemu kubwa ilikuwa joto. Hewa yenye joto zaidi huvuta maji kutoka udongoni na majanini kwa nguvu zaidi, hivyo mvua ileile iliyomtosha baba haimtoshi mwana.

Joto hilo lina chanzo kinachojulikana. Kabla ya zama za viwanda hewa ya dunia ilikuwa na hewa ukaa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni. Leo imepita 420, na ongezeko hilo limetokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kufyeka misitu. Hewa hiyo hufanya kazi ya blanketi: huruhusu mwanga wa jua uingie, na kuzuia joto lisitoke. Wastani wa joto la dunia umepanda kwa zaidi ya nyuzi moja ya Selsiasi. Kiasi hicho husikika kidogo mpaka mtu akumbuke jinsi nyuzi moja tu inavyotofautisha mwili mzima na mwili wenye homa.

Hapa inafaa kusahihisha kosa moja linalorudiwa sana, hata mimbarani. Barafu ya Kilimanjaro, inayoonekana kutoka sehemu nyingi za Upare, imepungua kwa kadiri ya asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007. Watu husema, basi, kwamba mito inakauka kwa sababu barafu inakwisha. Lakini maji mengi ya mito ile hayatoki kwenye barafu. Hutoka kwenye misitu. Mawingu hupita kati ya miti, majani na kuvu zinazoning'inia matawini huchuja matone ya ukungu, udongo mlaini huyapokea na kuyaachilia polepole miezi ya kiangazi. Tofauti hii ni muhimu kwa dhamiri. Barafu hakuna mtu wa Same awezaye kuirudisha. Msitu, na miti ya kwenye chemchemi, iko ndani ya uwezo wa mkono wake.

Na mikono hiyo haikuwa safi wakati wote. Zamani kila ukoo ulikuwa na mpungi, kichaka cha tambiko kisichoguswa, na vijana walifundwa ndani ya mshitu. Aliyekata mti humo aliogopa ghadhabu ya mizimu. Injili iliwafungua watu na hofu hiyo, na ilipasa kufanya hivyo, kwa maana wafu hawajui neno lolote. Lakini mahali pengi, hofu ilipoondoka, hapakuwekwa kitu kingine. Mti uliolindwa na mizimu ukawa mti usio na mlinzi. Dini mpya haikuwa sababu pekee. Palikuwa na serikali ya kikoloni, shule, mazao ya biashara, na watu kuongezeka hali ardhi haiongezeki. Hata hivyo darasa lingefanya vema kusoma Kumbukumbu la Torati 20:19 kwa kuzingatia historia hiyo. Mungu aliyekataza sanamu ndiye aliyewakataza askari wa Israeli kukata miti ya matunda, hata walipouzingira mji wa adui. Mwisraeli hakuhitaji kuuabudu mti ili auache umesimama. Ilitosha kumjua mwenye mti. Fundisho hilo lingeweza kuhubiriwa siku ileile tambiko lilipokatazwa, na bado laweza.

Sasa swali lenyewe. Mwamini wa Upare, anayetoa moshi kidogo sana, anayengoja marejeo ya Yesu, na mwenye watoto wa kulisha, je, anawajibika kwa lolote katika jambo hili? Majibu ya kukwepa ni matatu, na yote matatu husikika kutoka kwa watu wanyofu.

La kwanza ni kwamba makosa ni ya wenye viwanda. Ni kweli. Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya tani moja ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani wa kawaida hutoa zaidi ya tani 10. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa hiyo duniani. Mtu akiuliza nani alileta madhara, kidole hakielekei Same.

Soma Luka 10:25-37 na uangalie jambo ambalo kwa kawaida hupitwa. Msamaria hakuwa mnyang'anyi. Hakumpiga yule mtu wala kumvua nguo. Kuhani na Mlawi nao hawakumpiga. Kama kutokuwa na hatia kungetosha, wote watatu wangetoka katika mfano ule wakiwa sawa. Wanyang'anyi wenyewe wanatoweka kwenye mstari wa kwanza, na Yesu hasemi neno zaidi juu yao, kwa sababu swali la mwanasheria halikuwa nani mwenye kosa, lilikuwa jirani ni nani. Maswali haya mawili yanachanganywa kila siku. Mtu hujibu la kwanza, kwamba si mimi niliyeharibu, akadhani amejibu la pili. Lakini chemchemi iliyofyekwa kijijini inamnyima maji jirani wa chini, awe Mmarekani ametoa tani 10 au tani 100.

Hata hivyo mfano huo usitumiwe kuwafunika wanyang'anyi. Manabii hawakuwaruhusu matajiri kujificha nyuma ya wema wa maskini. Yakobo 5:4 inasema juu ya ujira uliozuiliwa ambao wenyewe unapiga kelele. Mnamo Desemba 1995 Konferensi Kuu ya kanisa hili ilitoa tamko kuhusu hatari za mabadiliko ya tabianchi, na likaelekezwa waziwazi kwa serikali za nchi zenye viwanda. Washiriki wachache wanajua kwamba tamko hilo lipo. Kadhalika, mwaka 2022, kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumia zaidi. Mkristo anaposikia habari za mfuko huo asiuite msaada. Mtu akivunja ndiva ya mwenzake, fedha za kuijenga upya haziitwi sadaka. Kutoka 22 ina sheria nyingi za aina hiyo: aliyewasha moto ukala mganda wa jirani, na alipe.

Jibu la pili ni kwamba hizi ni dalili za mwisho, na unabii hauna budi kutimia. Hapa Mwadventista anapaswa kuwa makini kuliko wengine, kwa kuwa unabii ni hazina yake. Soma Matendo 11:27-30. Agabo alitabiri kwa Roho kwamba njaa kubwa ingekuja. Kanisa la Antiokia lilimwamini. Na kwa sababu lilimwamini, likachanga, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, likapeleka Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Hakuna aliyesema kwamba kuchangia ni kupinga unabii. Yusufu naye aliijua njaa ya Misri miaka saba kabla haijafika, kwa ufunuo wa Mungu, na ufunuo ule ukazaa maghala. Katika Maandiko, unabii wa njaa huja ili watu wapate muda wa kujiandaa. Darasa linalosoma Mathayo 24 kila robo na halijawahi kuuliza ghala la kijiji lina nini halijaisoma habari ya Agabo hadi mwisho.

Wapo pia wanaotumia unabii kwa njia nyingine, ya kuumiza. Mnamo Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Goha, huko Mamba Miamba, na watu zaidi ya 20 wakafa. Baada ya msiba wa namna hiyo daima hutokea mtu wa kuuliza walikuwa wametenda nini. Swali hilo Yesu aliletewa, juu ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye mwenyewe akaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu (Lk. 13:1-5). Alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Lakini hakuwaacha waulizaji waende zao. Aliwageuzia swali: ninyi mlio hai mtafanya nini? Kwa mtu wa milimani, toba inayofuata maporomoko inaweza kuwa na miguu na mikono. Inaweza kuwa matuta kwenye mteremko. Inaweza kuwa kuacha kulima tangawizi kwenye ukingo ulio wima kupita kiasi, hata kama bei ni nzuri.

Jibu la tatu linachukuliwa kutoka 2 Petro 3: dunia hii itateketezwa kwa moto, kwa nini kuhangaika na miti? Jibu hili lina nguvu, maana nusu yake ni mafundisho sahihi. Lakini jaribu kulitumia mahali pengine. Mwili huu nao utakufa, na waliokufa katika Kristo watapewa mwili usioharibika. Je, Mwadventista anahitimisha kwamba basi avute sigara? Kanisa hili limejenga hospitali, limefundisha habari za maji safi, chakula na kiasi, kwa watu walewale waliofundishwa kwamba miili yao itabadilishwa kufumba na kufumbua. Hakuna aliyeona mgongano. Mwili hutunzwa kwa kuwa una mwenyewe, na kwa kuwa mwenyewe anarudi. Hoja isiyokubalika kwa mapafu haiwezi kukubalika kwa msitu. Petro mwenyewe, akiisha kutaja moto, anauliza mara moja jinsi watu wanavyopaswa kuwa katika mwenendo wao (mst. 11), na kusema waonekane katika amani, pasipo mawaa (mst. 14). Ni vigumu kuonekana katika amani na jirani ambaye zamu yake umeiruka.

Tena kuna ujumbe wa malaika wa kwanza, ambao kila mtoto wa Watafuta Njia ameukariri. Ufunuo 14:7 unawaita wanadamu wamsujudie aliyefanya mbingu, nchi na bahari, na mtajo wa nne ni chemchemi za maji. Amri ya Sabato katika Kutoka 20:11, ambayo malaika anaielekeza, haikuzitaja chemchemi. Malaika amezitaja. Wafafanuzi wana maelezo yao, wengine wakikumbuka gharika ya Nuhu. Kwa msomaji wa Upare, mtajo huo una uzito usiohitaji mfafanuzi. Kanisa linalotangaza ujumbe huo kwa kipaza sauti kandokando ya chemchemi iliyofyekwa lina kazi ya kueleza.

Ndipo tunapofika kwa Ezekieli 34, sura ambayo kwa kawaida husomwa kwa ajili ya wachungaji wabaya. Ikifika mstari wa 17 lawama inahama. Mungu anasema atahukumu kati ya kondoo na kondoo. Wapo kondoo waliokula malisho mazuri na kukanyaga yaliyosalia; wakanywa maji safi na kuyatibua yaliyobaki kwa miguu yao, na wenzao wakalazimika kunywa matope hayo. Wakosaji hapa si serikali wala wenye viwanda. Ni kundi lenyewe, waliofika mtoni mapema au waliosimama juu zaidi. Kunywa kwao hakukuwa dhambi, maana walikuwa na kiu. Dhambi ilikuwa miguu yao baada ya kunywa.

Swali gumu lipo hapa. Mfikirie mama mjane mwenye shamba moja tu, nalo liko kwenye chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Analima magimbi na mboga hapo kwa kuwa ndipo penye unyevu, na ndipo ada ya shule inapotoka. Walio chini ya mfereji, ambao baadhi yao wana mashamba matatu na duka, wanamwambia kwamba anatenda dhambi dhidi yao. Je, ni kweli? Kwa upande mmoja, kukauka kwa chemchemi kutawafikia watu 100, yeye pia akiwemo. Kwa upande mwingine, wanaomdai aache hawajamwambia atakula nini.

Kumwondoa kwa nguvu ni kutumia sheria nzuri kumtibulia maji kondoo mnyonge. Kumwacha aendelee ni kuwatibulia wengine. Biblia haina fungu linalomaliza jambo hili kwa mstari mmoja, lakini ina desturi iliyo wazi: gharama ya manufaa ya wote haitupwi juu ya mjane. Pembe za shamba zisizovunwa (Law. 19:9) zilitolewa na mwenye shamba. Wanaonufaika na chemchemi, basi, ndio wampe kipande cha kulima mahali pengine, au mizinga ya nyuki ya kuweka palepale kwenye miti, au zamu ya ziada ya maji. Wakishindwa kutoa lolote kati ya hayo, wanyamaze kuhusu dhambi yake. Na akishapewa, naye atoke. Baadhi ya washiriki wataona hukumu hii ni kali kwa mjane, wengine wataona ni kali kwa watu wa chini. Darasa lijadili, ila liangalie nani anaongea na shamba lake liko wapi.

Habari ya Isaka katika Mwanzo 26 husaidia. Wafilisti waliifukia kwa udongo mifereji ya maisha ya watu, yaani visima vya Ibrahimu, ili tu mwingine asivitumie. Isaka alichimba, wakagombana naye; akakiita kisima kile Eseki, yaani ugomvi. Akachimba kingine, wakagombana. Akakiita Sitna, yaani uadui. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, nafasi. Mara nyingi huhubiriwa kama habari ya uvumilivu, na ni kweli, lakini pia ni habari ya mtu aliyeendelea kuchimba. Amani yake ilikuwa na jasho. Isaka, hata hivyo, alikuwa na nchi pana ya kuhamia. Watu wa Same hawana bonde la tatu. Itabidi Rehobothi ipatikane ndani ya Eseki ileile.

Kuhusu kazi zenyewe, nyingi zinajulikana. Matuta ya fanya juu, yaliyoenea kutoka Machakos, Kenya, huzuia maji ya mvua yasikimbie na udongo. Matandazo ya majani hupunguza kiu ya udongo. Mtama huvumilia pale ambapo mahindi yamekata tamaa, ingawa kuwashawishi walaji ugali mweupe ni huduma ya uinjilisti kwa namna yake. Mikuyu na misesewe kwenye chemchemi hufaa kuliko mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Kupika kwa jiko banifu au gesi huokoa miti pamoja na mapafu ya mama. Serikali ya Tanzania imepanga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Isemwe kwa uaminifu kwamba hakuna lolote kati ya haya litakaloipoza dunia kwa nguvu ya kijiji kimoja. Litafanya kijito kitiririke hadi Septemba, na kwa anayekitegemea hilo si dogo.

Yaliyo ndani ya uzio wa kanisa huwa hayatajwi. Kila mwaka makambi hukata fito na matawi ya vibanda, na kuni za kupikia umati kwa juma zima. Ni makanisa mangapi yana shamba la miti lililopandwa kwa ajili ya makambi? Majengo mengi ya ibada yameinuliwa kwa matofali ya kuchoma, na tanuri moja hula magogo mengi. Matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa hayahitaji tanuri. Kisha kuna paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 200, mahali penye milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Sehemu itapotea, na mvua ya kwanza itaachwa ioshe vumbi. Hata nusu yake ikibaki, ni zaidi ya madumu 2,000 ya lita 20. Kwa sasa, kwenye makanisa mengi, maji hayo humwagika kutoka ukingoni mwa bati na kuchimba msingi wa jengo, huku akina mama wa Dorkasi wakichota mbali maji ya kusafishia kanisa siku ya Ijumaa.

Madarasa mengi ya Shule ya Sabato milimani yana faida moja ambayo wataalamu wa mabonde ya maji wangeitamani: wa juu na wa chini wa mfereji mmoja huketi benchi moja, mara 52 kwa mwaka, wakiwa wamenawa na hawana majembe mikononi. Kabla ya sala ya kufunga, mwalimu aweza kuliuliza darasa lake waziwazi: msimu huu, ni zamu ya nani iliyorukwa?